Akiba haiozi? Mayai, mvua za Tukuyu na ghala la familia

Wahenga walisema akiba haiozi. Usemi huu ni wa hekima, lakini anayeishi chini ya Mlima Rungwe anajua kwamba akiba huoza, tena upesi, ikiwa aliyeiweka hakuwa na elimu ya kuitunza. Mahindi huota ukungu yakiwa darini, maharage hutobolewa na wadudu yakiwa ndani ya gunia, na yai lililowekwa kwa ajili ya futari ya wageni hupasuliwa likanuka mbele ya wageni wale wale. Wiki hii ukurasa wa familia unazungumzia akiba ya chakula, na hasa akiba ya yai, chakula kidogo chenye manufaa makubwa na kinachoharibika haraka kuliko tunavyodhani.

Wilaya ya Rungwe imejaaliwa neema. Tukuyu ipo juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,600 hivi, kwenye udongo wa volkano, na sehemu nyingi za wilaya hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Ndizi, chai, kahawa, viazi, maharage, mahindi, parachichi na maziwa vyote hutoka hapa, na malori yanayopakia ndizi Kiwira huzisafirisha hadi miji ya mbali. Mkulima wa Dodoma, ambaye mvua yake ni ya msimu mfupi, alilazimika tangu zamani kujenga kihenge ili ale mwaka mzima. Mnyakyusa hakulazimika kwa kiasi hicho, kwa kuwa ghala lake lilikuwa mgombani. Mkungu ukikatwa leo mwingine unakomaa, na chungu cha mbalaga na maharage hakikosekani jikoni.

Lakini neema hiyo ina upande wa pili. Mvua inayostawisha mgomba ndiyo inayozuia nafaka kukauka. Unyevu unaonenepesha majani ya chai ndio unaolisha ukungu. Tena, mahali ambapo tumbo halikosi cha kulijaza, ni rahisi kusahau kwamba kushiba ni jambo moja na kulishwa vema ni jambo lingine.

Shibe na lishe

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kwamba asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa, yaani kimo chao ni kifupi kuliko umri wao unavyostahili. Jambo la kushangaza ni kwamba mikoa iliyoongoza haikuwa ya ukame. Iringa ilizidi asilimia 50, huku Njombe na Rukwa zikiwa karibu na nusu ya watoto wote. Hii ni mikoa jirani zetu wa Nyanda za Juu Kusini, mikoa inayolisha taifa. Sababu za udumavu ni nyingi: maradhi ya mara kwa mara, maji yasiyo salama, mama kuelemewa na kazi za shamba asipate muda wa kumlisha mtoto. Miongoni mwake ni sahani ya mtoto kuwa na wanga mwingi na vyakula vichache vya kujenga mwili.

Hapo ndipo yai linapoingia. Yai moja la wastani lina protini ya gramu 6 hivi, pamoja na mafuta, vitamini B12, madini na viini vinavyosaidia ubongo wa mtoto kukua. Mwaka 2017 watafiti walichapisha matokeo kutoka Ecuador yaliyoonesha kwamba watoto wachanga waliopewa yai moja kila siku kwa miezi 6 walipungukiwa sana na udumavu. Utafiti wa namna hiyo ulipofanywa katika wilaya ya Mangochi nchini Malawi, kwenye ncha nyingine ya ziwa hili hili tunaloliona tukishuka Kyela, ukuaji wa watoto kwa jumla haukubadilika. Watafiti walieleza kwamba watoto wa huko tayari walikuwa wakila samaki. Funzo tunalolipata ni kwamba yai halitendi miujiza, bali hujaza pengo pale pengo lilipo. Katika nyumba ambayo mtoto anakula ndizi na ugali bila samaki wala maziwa, pengo lipo.

Hata hivyo, katika nyumba nyingi yai huuzwa kabla ya kuliwa, kwa sababu ya shida ya fedha na kwa sababu ya hofu kwamba likikaa litaharibika. Basi elimu ya kulihifadhi ni sehemu ya elimu ya kumlisha mtoto.

Unga wa mayai ni kitu gani?

Baadhi ya wasomaji wamewahi kuuona unga huu kwa waokaji wa mikate na keki, nao huuliza kama ni mayai ya kweli au ni kemikali. Jibu ni kwamba unga wa mayai, ukiwa safi, ni mayai yaliyoondolewa maji. Takribani robo tatu ya uzito wa yai lisilo na ganda ni maji. Kiwandani mayai hupasuliwa, huchanganywa na kuchujwa, kisha hupashwa joto la kiasi la kuua vimelea bila kuyaivisha. Baada ya hapo uji huo hunyunyizwa kama ukungu ndani ya chumba chenye hewa ya moto inayozidi nyuzi joto 150. Matone hukauka kabla hayajafika chini, na kinachokusanywa ni unga wa njano wenye unyevu usiozidi asilimia 5 hivi. Kwa unyevu mdogo kiasi hicho, bakteria na ukungu hawapati maji ya kuwawezesha kuzaana.

Unga huu ulijulikana kwa watu wengi wakati wa Vita Kuu ya Pili. Meli za Uingereza zilikuwa zikizamishwa baharini na mayai mabichi yakawa adimu. Marekani ikapeleka unga wa mayai, kwa kuwa kopo dogo lenye unga ulio sawa na mayai 12 lilichukua nafasi ndogo melini na halikuvunjika njiani. Kuanzia mwaka 1942 kaya za Uingereza ziligawiwa makopo kama hayo. Wengi waliolelewa kwa unga huo waliulalamikia ladha yake, lakini ulifika mezani siku ambazo yai la kawaida halikupatikana.

Kwa familia ya leo, hesabu ni rahisi. Yai moja bila ganda lina gramu 50 hivi, na likikaushwa hubaki gramu 12 au 13. Kwa hiyo kilo moja ya unga ni sawa na mayai 80, karibu trei tatu kasoro mayai kumi. Mama anayetaka kujua kama unga unamfaa azidishe bei ya yai moja la sokoni kwake mara 80, kisha alinganishe na bei ya kilo ya unga. Mara nyingi mahali penye kuku, yai bichi hushinda kwa bei. Unga hushinda pale ambapo mayai yanapatikana kwa msimu, barabara ni mbovu, au mwokaji anahitaji mayai mengi kwa siku moja bila kuvunjikiwa na trei.

Namna ya kuutumia jikoni

Kanuni ya uzito ni sehemu moja ya unga kwa sehemu tatu za maji. Kwa yai moja, chukua gramu 12 hivi za unga na vijiko viwili na nusu vya chakula vya maji safi ya uvuguvugu. Kwa kuwa vijiko hutofautiana na unga nao hutofautiana, fuata maelezo ya pakiti uliyonunua. Tia maji kidogo kwanza, koroga mpaka mabonge yaishe, ndipo umalizie maji yaliyobaki. Ukipika maandazi, mkate, chapati za maji au keki ya kawaida, si lazima kuukoroga peke yake: changanya unga wa mayai na unga wa ngano ukiwa mkavu, kisha ongeza maji yake kwenye maziwa au maji ya kukandia.

Unga huu unafaa pia kwa kuchovyea katlesi na kwa mayai ya kuvuruga yenye vitunguu na nyanya. Haufai kwa yai la kuchemsha wala la kukaanga jicho la ng'ombe. Katika mkate wa mayai wa Kipwani, ambao huumuka kwa nguvu ya mayai yaliyopigwa mpaka yakawa povu, mayai mabichi yanabaki kuwa bora.

Lipo jambo moja la kuzingatia sana, hasa mwezi wa Ramadhani. Unga ukishatiwa maji umerudi kuwa yai bichi, na hatari zake ni zile zile. Koroga kiasi cha kutumia papo hapo. Usichanganye jioni wakati wa futari ukaacha bakuli mezani kwa ajili ya daku. Upike mpaka uive sawasawa, hasa kwa watoto, wajawazito na wazee.

Ama kuhusu uhalali, yai la kuku ni halali na kukaushwa hakulibadilishi. Lakini baadhi ya pakiti huwa na vitu vilivyoongezwa, na nyingine si mayai matupu bali ni michanganyiko ya kuokea. Soma orodha ya viambato, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, na tafuta alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, ambalo tangu mwaka 2019 ndilo lenye dhamana ya usalama wa chakula nchini. Unga unaopimwa kutoka kwenye kiroba kilicho wazi, usio na jina wala tarehe, usiununue.

Adui wa unga ni hewa ya Tukuyu

Ndugu msomaji, usidhani kwamba kilichokaushwa kimeshakuwa salama milele. Mafuta ya kiini cha yai huchacha yakikutana na hewa, joto na mwanga. Unga nao hunyonya unyevu kama chumvi inavyonyonya. Katika mji ambao nguo huchukua siku tatu kukauka wakati wa masika, kopo lililoachwa wazi usiku mmoja huanza kufanya mabonge. Pakiti iliyofungwa kiwandani ikiwekwa mahali pa baridi na pakavu hukaa kwa miezi mingi, na baadhi ya watengenezaji wa makopo yaliyoondolewa hewa hutaja miaka 5 hadi 10. Muda huo unahusu kopo ambalo halijafunguliwa. Ukishafungua, hamishia unga kwenye chupa ya kioo iliyokauka kabisa, ifunge vizuri, iweke gizani au kwenye jokofu, na uumalize katika wiki chache. Chota kwa kijiko kikavu, mbali na mvuke wa sufuria. Unga ukibadilika rangi kuwa kahawia, au ukinuka mafuta yaliyochacha, utupe.

Je, mama anaweza kujikaushia mayai nyumbani? Jibu letu ni hapana. Kiwanda hukausha kwa sekunde chache baada ya kuua vimelea. Yai bichi lililopakwa kwenye sinia na kuanikwa juani, au kuwekwa juu ya jiko la kuni, hukaa saa nyingi katika joto linalopendwa na bakteria wa Salmonella, na bakteria hao wana uwezo wa kubaki hai hata baada ya chakula kukauka. Jua la Rungwe, lenye kufichwa na mawingu kila mara, haliwezi kazi hiyo. Anayefanya hivyo hujitafutia kuhara na homa kwa kisingizio cha kuweka akiba.

Kulitunza yai lenyewe

Kwa familia nyingi za Tukuyu, basi, njia iliyo karibu ni kulitunza vizuri yai bichi, na hapa baridi ya mlimani ni rafiki. Ganda la yai lina maelfu ya vitundu, na kuku hulitaga likiwa limefunikwa na utando mwembamba unaoziba vitundu hivyo. Ukiliosha, unauondoa utando na kufungulia mlango wa uchafu. Kwa hiyo usioshe mayai ya akiba. Badilisha majani ya kiota mara kwa mara ili yai litoke safi, okota mara mbili kwa siku, na lile lililochafuka litumike kwanza.

Weka yai ncha nyembamba ikiwa chini, ili kile kifuko cha hewa kilichopo upande mpana kibaki juu. Andika tarehe kwenye ganda kwa kalamu ya risasi, na utumie ya zamani kabla ya mapya. Yaweke mbali na mafuta ya taa, vitunguu na samaki, kwani yai huvuta harufu. Katika chumba chenye ubaridi na kivuli hukaa wiki mbili hadi tatu, na ndani ya jokofu wiki nne hivi. Yaliyoingia kwenye jokofu yasitolewe na kurudishwa, maana yakitoka hutoa jasho, na jasho hilo huvuta vimelea ndani ya ganda.

Mfugaji wa kuku wa kienyeji azingatie jogoo pia. Yai lenye mbegu likipata joto lililozidi nyuzi 20 na ushee kwa muda, kifaranga huanza kujijenga ndani yake. Ndiyo maana yai lililotulia Tukuyu huharibika upesi likishushwa Kyela, kwenye joto la ufukwe wa ziwa. Anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula na kuuza amtenge jogoo, na mayai yake yatadumu zaidi.

Njia ya kutumbukiza yai kwenye maji inafahamika na wengi: linalolala chini ni jipya, linalosimama limezeeka, linaloelea ni la kutupwa. Njia hii hupima umri, haipimi ugonjwa. Yai jipya lenye ufa linaweza kulala chini na bado likawa na vimelea, kwa hiyo mayai yaliyopasuka usiyanunue hata kwa bei ya chini. Pia tukumbuke kwamba katika mwinuko wetu maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, hivyo yai la kuchemsha linahitaji dakika kadhaa zaidi kuliko pwani.

Huko Ulaya zamani watu waliyatumbukiza mayai kwenye maji ya chokaa yakakaa miezi. Hatuishauri familia kuiga, kwa kuwa kosa dogo la kipimo au yai moja lenye ufa huharibu chombo kizima.

Nafaka nayo haitaki unyevu

Kanuni iliyo nyuma ya unga wa mayai, yaani ondoa maji na uzuie hewa, ndiyo kanuni ya mahindi na maharage pia. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walipoteza maisha katika mikoa ya Dodoma na Manyara baada ya kula mahindi yenye sumukuvu, sumu inayotolewa na ukungu, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Ikiwa hayo yalitokea kwenye mikoa mikavu, sisi wa mikoa ya mvua tuna sababu zaidi ya kujihadhari.

Kipo kipimo rahisi kisicho na gharama. Chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia mahindi hadi robo, ongeza kijiko cha chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika kadhaa, kisha uache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado yana unyevu na yarudishwe kukaushwa. Yakishakauka, mifuko isiyopitisha hewa, ile inayojulikana kama kinga njaa, huwanyima wadudu pumzi, akiwemo dumuzi ambaye wakulima wamempa jina la Scania. Mfuko uwekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, na usifunguliwe kila siku.

Akiba na jirani

Kuweka akiba si kukosa tawakkul. Katika kisa cha Nabii Yusuf (A.S.) tunafundishwa jinsi mavuno ya miaka saba ya neema yalivyowekwa yakiwa katika masuke yake ili yavushe watu miaka saba ya dhiki. Imepokewa pia kutoka kwa Sayyidna Umar (R.A.), katika Sahih Bukhari, kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akiwawekea ahli zake chakula cha mwaka kutokana na mitende ya Banu Nadhir.

Hata hivyo dini imeweka mpaka. Nyama ya udh-hiya iliwahi kukatazwa kuwekwa zaidi ya siku tatu kwa sababu ya wahitaji waliokuwa wamefika Madina, na dhiki ilipopita watu wakaruhusiwa kula, kutoa na kuweka. Kuhodhi chakula ili bei ipande kumelaaniwa. Akiba halali, basi, ni ile inayowalinda walio nyumbani bila kumfungia jirani mlango.

Katika miaka hii Ramadhani inaangukia miezi ambayo mvua za Rungwe ni kubwa, kuni ni mbichi, na njia za vijijini zina utelezi. Familia inayotaka kujiandaa ianze mapema: itenge jogoo, ianze kuandika tarehe kwenye mayai, ipime mahindi kwa chumvi kabla ya kuyafunga. Kina mama wa kikundi kimoja wanaookea sikukuu wanaweza kuchangishana kununua unga wa mayai wa pamoja, wakaugawa siku ya jua katika chupa zilizokauka. Na kabla trei haijapelekwa sokoni, yatolewe kwanza mayai ya watoto wa nyumba hiyo. Akiba iliyo bora kuliko zote ni afya ya mtoto, na hiyo ikishapotea utotoni hakuna ghala inayoweza kuirudisha.

Wabillahi tawfiq.